Mtu wa Tatu kutoka Idjwi

Juu ya meza palikuwa na feni ndogo, daftari la mistari na bakuli la peremende ambazo hakuna aliyezigusa. Mbele ya meza alisimama Thaddée, kofia mkononi. Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa dada yake mkubwa Bernardine. Yeye hakuwa na shughuli pale. Alikuwa anangoja tu, kwa sababu Thaddée alimwahidi kumpeleka kununua uzi wa cherehani wakitoka. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, mwaka wa elfu mbili na kumi na sita, katika ukumbi mmoja wa Richfield, Minnesota, nchini Amerika. Uwanja wa ndege uko jirani. Kila ndege ilipopita juu ya paa watu walinyamaza, wakaiacha iende, kisha wakaendelea pale walipoishia.

Nyuma ya meza alikuwapo Bwana Maurice, mtu wa Santa Lusia. Siku za kazi aliendesha basi la mjini. Siku za mapumziko alisimamia Kombe la Visiwa. Kombe hilo lilikuwa la timu za ridhaa za Wakaribea wa kanda ile yote: Jamaika, Haiti, Trinidad, Barbados na wenzao, wengine wakija kwa magari kutoka Chicago. Timu nane, siku mbili. Mwaka ule Grenada walikuwa wamejitoa, kwa sababu nusu ya wachezaji wao walikuwa ndugu, na dada yao alikuwa anaolewa.

"Nafasi ipo," Maurice alisema kwa Kifaransa, ndiyo lugha aliyosikilizana na Thaddée. "Lakini ni nafasi ya kisiwa. Nyinyi ni Wakongomani. Kongo si kisiwa."

Thaddée akajikuna kisogo. Timu yake ilikuwa ya kanisa, vijana kumi na wanne, na kwa miaka miwili walikuwa wamecheza wao kwa wao, saba kwa saba, mpaka kila mmoja alijua mwenzake atapiga chenga upande gani.

"Mwambie tumezaliwa kisiwani," Bernardine akasema kutoka pale kwenye kiti.

Thaddée akageuka. "Yaya?" Ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa.

"Idjwi si kisiwa? Au kilihama nilipoondoka?"

Maurice akauliza kama hicho Idjwi kina maji pande zote. Akaambiwa pande zote. Akauliza kama kina watu. Akaambiwa watu ni wengi kuliko ardhi. Hakuuliza ni maji gani. Akaandika Idjwi kwenye mstari wa nane, akapuliza wino ukauke.

"Sheria moja," akasema. "Watatu uwanjani lazima wawe wazaliwa wa kisiwa chenyewe. Waje na karatasi."

Thaddée akahesabu kimoyomoyo. Alikuwa na Sosthène, golikipa, na Mugabo, beki. Wengine walikuwa watu wa Uvira na Masisi. Ndege ikapita, akasema, "Watatu tunao."

Jumatatu asubuhi ziwa lilikuwa limefika. Lilianzia mwisho wa maegesho ya magari, nyuma ya jengo alilokaa Bernardine, pale penye mapipa ya taka, likaenda mpaka macho yalipokoma. Lilikuwa Kivu, ziwa linalokizunguka Idjwi. Bernardine alilijua kwa rangi yake, na kwa harufu ya migomba ambayo hukufikia kabla kisiwa hakijaonekana. Meneja wa jengo alibandika tangazo mlangoni: magari yasogezwe mistari miwili mbele, na wazazi waangalie watoto wao. Kisha akaja mkaguzi wa jiji na buti za mpira. Alipima, akasema jimbo la Minnesota lina maziwa elfu kumi na ushee, na moja likizidi halivunji sheria ya mtu. Akatia sahihi, akaenda zake.

Watoto wa jengo waliingia kuoga. Mama zao waliwaita watoke kwa Kiswahili, nao wakajibu kwa Kiingereza kwamba bado kidogo.

"Mama Eliezer, mbona ziwa lenu dogo hivi?" Ernestina akasema. Huyu alikuwa jirani wa chini, Mtanzania wa Bukoba, mhasibu, mtu wa maneno yake. "Letu ukisimama ufukweni unachoka kulitazama."

"Letu halina mamba," Bernardine akamjibu.

"Eh. Hapo umenifunga mdomo."

Bernardine akashuka na beseni, akateka sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, akawakaanga na pilipili, akampelekea Ernestina sahani.

Watoto wa Bernardine walikuwa wawili. Maombi, wa pili, aliishi naye, na alifungasha maboksi katika ghala moja kule Savage. Wa kwanza alikuwa Eliezer. Kwa jina lake watu walimwita Mama Eliezer, ingawa Richfield nzima hakuna aliyewahi kumtia machoni huyo Eliezer. Bernardine alipohesabiwa katika kambi ya wakimbizi, kijana alikuwa kisiwani akimwuguza baba yake. Aliporudi, baba alikuwa ameshazikwa na mama ameshapanda ndege, kwa hiyo ofisi ikamwandika kwenye dosye, yaani faili, ya mjomba wake, Thaddée. Bernardine hakuona ubaya. Kwao mjomba ni mama asiyenyonyesha. Tena Thaddée mwenyewe alikulia mgongoni mwake. Bernardine alitolewa shule darasa la tatu ili ambebe. Walipomwomba atie sahihi barua ya kusema kwamba huyo Eliezer ni mwanae kweli na anamngoja Amerika, aliitia siku hiyohiyo, kwa herufi kubwa, akakaza mkono isije ikaharibika.

Miaka miwili baadaye Thaddée alishuka na mkewe Mutesi, watoto watano, na shemeji yake Jairus. Kila mtu mzima alikumbatia kifuani ule mfuko mweupe wa plastiki wenye karatasi, ambao kila mkimbizi hushuka nao. Eliezer hakuwemo.

"Siku ya mahojiano hakutokea, yaya," Thaddée alimwambia palepale kwenye mizigo. "Alikwenda machimboni. Vijana unawajua."

Bernardine alilia kidogo, akakaza kitenge. Mkononi alikuwa na koti zito alilomnunulia Eliezer. Nje theluji ilikuwa inaanguka na Jairus alikuwa na shati tu, basi koti akampa yeye. Lilimkaa.

Siku nne kabla ya mashindano, Thaddée alileta jezi kumi na nne za bluu, na orodha. Sheria za kombe zilitaka kila mchezaji aandikwe mgongoni jina lake la kwenye karatasi. Bernardine aliisoma orodha herufi moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Kwenye namba tisa akasimama. Akarudia.

"Huyu Eliezer Bahizire ni yupi?"

Thaddée alikuwa anakunywa chai. Akakiweka kikombe. "Tunahitaji mzaliwa wa tatu, yaya. Nimeliweka jina lake litusaidie. Jairus atalivaa."

"Jairus ni wa Masisi."

"Ndiyo maana atalivaa."

"Na mwenyewe akija?"

"Akija atalikuta limetunzwa."

Bernardine akaona neno hilo lina heshima. Akashona. Jezi nyingine zilichukua nusu saa kila moja. Ile ya Eliezer ilichukua alasiri nzima, kwa sababu kila herufi aliyoimaliza ilianza kutoa maji, uzi ukateleza, sindano ikashika kutu. Aliikamua, akaitundika juu ya beseni la kuogea. Asubuhi beseni lilikuwa limejaa nusu na ndani yake mlikuwa na sambaza watatu wazima. Aliwarudisha ziwani, maana watatu si mboga.

Jumamosi ya mashindano palikuwa na jua kali, ngoma, moshi wa kuku wa kuchoma na bendera ambazo Bernardine hakuzijua. Mama mmoja wa Trinidad, amevaa kofia pana kama ungo, alimsogelea Sosthène akamwuliza kwa upole kama Idjwi iko karibu na Tobago.

"Ukitoka Tobago unakata kulia," Sosthène akamwambia. "Ukiona mbuzi, umefika."

Mama yule akashukuru.

Maurice akasimama na daftari kuita majina. Kila aliyeitwa alijibu, akatoa karatasi, Maurice akalinganisha uso na picha. Bernardine alikuwa pembeni na ndoo ya machungwa yaliyokatwa robo.

"Eliezer Bahizire."

"Nipo," akasema Jairus.

"Nipo," akasema mtu mwingine, nyuma kidogo.

Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka ziwani, kwa barabara ya sitini na sita, na nyayo zake zilionekana zimelowanisha lami mpaka pale kwenye nyasi. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu lililogandamana na mwili, na suruali iliyopigwa pasi kabla ya kulowa. Alikuwa na umri uleule aliokuwa nao mara ya mwisho. Bernardine akaiweka ndoo chini.

Maurice alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akatazama daftari. "Hapa ameandikwa mmoja," akasema. "Mwenye karatasi ni nani?"

Jairus akatoa yake. Bernardine alikuwa karibu, akaiona vizuri. Picha ilikuwa ya Jairus. Jina lilikuwa Eliezer Bahizire, mzaliwa wa Idjwi. Nayo haikuwa karatasi ya wiki ile. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka kwenye mikunjo wino umekwisha, na muhuri wake ulikuwa wa siku ile ya theluji, siku ya koti.

"Na wewe?" Maurice akamwuliza yule wa pili.

"Ilikuwa mfukoni," Eliezer akasema. "Ikalowa." Akatoa donge jeupe lililorojeka. Maurice akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza huku na huku, akalirudisha.

"Basi wewe kaa benchi," akasema. "Benchi haliombi karatasi."

Timu ikaingia uwanjani. Mugabo alipompita Eliezer alimwamkia kwa Kihavu cha kisiwani, akamwuliza ni wa upande gani, kaskazini au kusini. Eliezer akasema kusini. Mugabo akasema alidhani hivyo, kwa sababu ya masikio, akakimbilia nafasi yake.

Bernardine akaketi karibu na mwanae. Ubao wa benchi ulikuwa umeshalowa. Akamchagulia robo ya chungwa lenye maji mengi.

"Umekula?"

"Ndiyo, mama."

"Wameniambia ulikwenda machimboni."

Eliezer akala chungwa mpaka kwenye ganda. "Mjomba aliniambia mahojiano ni Alhamisi," akasema.

"Yalikuwa lini?"

"Jumanne. Mimi Jumatano nilifua shati hili, nikaazima pasi ya mkaa. Alhamisi nikaenda mapema kabisa. Mlinzi akaangalia kitabu akasema Eliezer ameshapita. Nikamwambia Eliezer ni mimi. Akaangalia tena, akasema Eliezer ameshapita. Hakuwa mtu mbaya, mama. Alinionyesha na mstari wenyewe."

Uwanjani Jairus alikosa goli la wazi, watu wakaguna.

"Ukafanyaje?"

"Nikaona nirudi kisiwani kwanza. Nikapanda boti ya jioni. Upepo ulikuwa unatoka Goma."

"Boti ilikuwa na watu wengi?"

"Wengi sana."

Bernardine akatoa kitenge cha mabegani, akaanza kumkausha nywele. Kila alipokausha palilowa, naye akaendelea, kama mtu anayefagia uwanja wakati majani yanaanguka. Idjwi wakashinda mbili bila. Mchana wakawafunga Barbados kwa penalti, Sosthène akidaka mbili na kumwambia mpigaji wa tatu kwa Kiswahili kwamba mama yake anamwita.

Thaddée alikuwa chini ya turubai akigawa maji. Bernardine akamwendea, akasimama mbele yake na mikono nyuma.

"Kwa nini ulimwambia Alhamisi?"

"Yaya, si mbele ya watu."

"Nasema polepole. Na wewe sema polepole."

Thaddée akafunga chupa aliyokuwa ameshika, akaifungua, akaifunga. "Jairus alikuwa anatafutwa. Wangemfuata mpaka kambini. Mutesi alikuwa hapati usingizi, analia tu, kila siku ndugu yangu, ndugu yangu. Eliezer alikuwa mzima, ana nguvu, hana adui. Nikasema huyu ataweza kungoja dosye nyingine."

"Ulisema na nani?"

"Yaya..."

"Nauliza ulisema na nani. Mimi ulinipigia? Mimi simu yangu ilikuwa wazi."

"Wewe ulikuwa umeshafika," Thaddée akasema. "Mtu aliyefika hajui." Kisha akainamisha sauti zaidi. "Na ukisema sasa, sote tunarudishwa. Mutesi, watoto watano. Na wewe hutapona, maana barua ni yako. Wewe ndiye uliyetia sahihi kwamba huyu ni mwanao."

Hilo Bernardine hakuwa amelifikiria. Akalitazama kama anavyotazama mshono wa mtu mwingine, kutafuta ulipoanzia. Ulianzia kwenye mkono wake, siku ile aliyokaza kalamu isiharibu. Kule uwanjani mtoto wa mwisho wa Thaddée alikuwa amelala kifudifudi juu ya nyasi akicheza na sisimizi.

"Sitaki karatasi," Bernardine akasema. "Sitaki mtu arudishwe. Nataka neno moja. Uwakusanye hawa vijana na mama zao, wetu peke yetu, wa kanisa, useme kwa kinywa chako: huyu ndiye Eliezer, mwana wa dada yangu, nilimwambia Alhamisi. Basi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Thaddée akapumua. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama zamani akiwa mtoto ameanguka. "Baada ya fainali, yaya. Vijana wasivurugike. Nakuapia kwa mama aliyetuzaa. Kesho baada ya fainali nitasema."

Bernardine akamwamini. Alikuwa amemwamini tangu akiwa hana meno.

Nyumbani Maombi alimkuta kaka yake jikoni. Alimkumbatia, sare yake ya kazi ikalowa kifuani, akapanda juu kubadili nguo kwa sababu shifti inaanza saa tisa na nusu na msimamizi wake hapendi visingizio. "Mama, kuna chai?" akauliza akiwa ngazini. "Mpe yenye tangawizi." Eliezer akanywa vikombe vitatu.

Jumapili ibada ilifupishwa, mchungaji naye akaja uwanjani. Fainali ilikuwa na Jamaika. Jamaika walikuwa watu warefu, wana kocha mwenye filimbi mbili, na mashabiki wao walipiga masufuria.

Kabla ya kuanza, Jairus alikuja mpaka kwenye benchi, jezi namba tisa mwilini, maji yakimchuruzika kwenye magoti. "Jambo, Mama Eliezer," akasema, kama alivyosema kila Jumapili kwa miaka miwili. Kisha akamgeukia Eliezer. "Unaendeleaje?"

"Naendelea."

"Lile koti bado ninalo."

"Livae tu," Eliezer akasema. "Huku baridi inarudi upesi, nasikia."

Jairus akataka kusema kingine. Refa akapuliza filimbi, naye akakimbilia uwanjani.

Jamaika walipata goli mapema. Mugabo akasawazisha kwa kichwa. Dakika za mwisho ikapigwa kona, mpira ukapita vichwa vyote, Jairus akaukuta nyuma kabisa, akaupiga bila kuutazama. Ukaingia. Watu wa kanisa wakamwagika pembeni mwa uwanja wakiimba: "Eliezer! Eliezer!" Wakaribea wakapenda mlio wa jina lile, wakajiunga, Haiti na Trinidad, na Jamaika wenyewe waliokubali kushindwa, masufuria yakapigwa kwa jina hilo. Kila walipoliita, Eliezer aliinuka nusu pale kwenye benchi, kwa adabu ya mtu aliyeitwa na wakubwa, akaona hawamtazami yeye, akaketi. Aliinuka hivyo mara nyingi. Bernardine akamwekea mkono gotini, asichoke.

Maurice akaleta kombe na kipaza sauti. Akasema Idjwi ni kisiwa kidogo lakini kina miguu. Akampa Thaddée kipaza sauti atoe neno.

Bernardine akasimama. Akamsimamisha na Eliezer, akamnyoosha kola. Alijua alimwomba Thaddée aseme kwa watu wa kanisa peke yao, lakini kama angesema hapa, sawa, hata hapa.

Thaddée alimshukuru Mungu. Alimshukuru mchungaji, mama wapishi, aliyewaazima basi dogo la kwenda mazoezini. Alimshukuru Maurice, aliyewafungulia mlango bila kuuliza maswali mengi. Alitaja wachezaji mmoja mmoja.

"Na wa mwisho," akasema, "namshukuru dada yangu, aliyenibeba mgongoni, aliyetushonea jezi hizi. Na mwanae." Akanyoosha mkono. "Mpwa wangu mwenyewe, damu yangu, Eliezer." Mkono ukatua juu ya bega la Jairus.

Watu wakapiga makofi. Maurice akayarudia maneno hayo kwa Kiingereza, akatangaza kwamba mchezaji bora wa mashindano ni huyohuyo, Eliezer Bahizire, akamvika nishani. Jairus aliinamisha kichwa kupokea, na hakukiinua tena mpaka picha zilipokwisha. Mutesi alikuwa mbele kabisa, analia, anacheka, anapiga picha kwa simu. Watoto watano walikuwa wanagombania kulibeba kombe. Kipaza sauti kiliwekwa juu ya meza, kimewashwa, hatua kumi na mbili kutoka pale Bernardine aliposimama. Akakitazama. Mtoto wa mwisho wa Thaddée akaja mbio akamkumbatia miguu, akamwambia kwa Kiingereza kwamba wameshinda.

"Nimeona, baba," Bernardine akamwambia. "Nimeona."

Akaokota maganda ya machungwa chini ya benchi, akayatia kwenye ndoo, akamshika Eliezer mkono, wakarudi nyumbani kwa miguu.

Mwezi wa nane ziwa lilikuwa bado lipo. Meneja alikuwa ameweka viti viwili ufukweni, na jengo la pili likaanza kulalamika kwamba wao hawana. Eliezer alilala sebuleni, juu ya kitanda cha plastiki alicholeta Ernestina. "Hicho hakiozi," alisema Ernestina. Kisha akamtazama kijana sana, akamtazama mama yake. "Mmefanana, Mama Eliezer. Huyu hahitaji karatasi." Mchana Eliezer alikaa jikoni na mama yake, akimsaidia kuchambua sombe, majani ya muhogo. Kiti alichokalia kilikuwa na maji daima.

Thaddée hakuja kwa wiki tatu. Jumatano moja akabisha hodi, ameshika mfuko. Akakaa, akapewa chai. Bernardine alikuwa hajawahi kumnyima mtu chai.

"Ligi ya Apple Valley inaanza Jumamosi," Thaddée akasema akikiangalia kikombe. "Kule hawaulizi kisiwa wala karatasi. Wanataka orodha ya majina tu. Nikamkumbuka na huyu. Kukaa ndani si kuzuri kwa kijana." Akatoa jezi mpya ya bluu kwenye mfuko, akaikunjua mezani. Mgongoni haikuwa na kitu. "Ila Eliezer ameshaandikwa. Wawili hawaruhusu. Lakini jina la Jairus liko bure, yaya. Hakuna anayelitumia."

Friji ikanguruma, ikanyamaza.

"Uliniapia kwa mama yetu," Bernardine akasema.

"Niliapa."

"Sasa unataka nimbatize mwanangu."

"Naomba ushone tu." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeleta zawadi. Bernardine akaona, bila kutaka kuona, kwamba Thaddée aliamini kweli ni zawadi. Alikuwa ameifikiria wiki tatu nzima.

Akamtazama mwanae. Eliezer alikuwa anaipapasa jezi kwa vidole, polepole, akiacha alama za maji kwenye kitambaa.

"Shona, mama," akasema. "Muda mrefu sijagusa mpira."

Bernardine akasogeza cherehani. Herufi zilikuwa sita. Zilishoneka vizuri, uzi haukuteleza hata mara moja, na kabla chai ya Thaddée haijapoa alikuwa amemaliza na kukata ncha kwa meno.

Jumamosi saa nne asubuhi gari la Thaddée lilisimama mbele ya jengo. Ndani walikuwamo Sosthène, Mugabo, na Eliezer yule mwingine kiti cha mbele. Thaddée akapiga honi mara mbili, akatoa kichwa dirishani.

"Jairus!" akaita. "Tunachelewa!"

Kijana akaondoka mezani, akaitikia, akabusu kichwa cha mama yake, akashuka ngazi mbio. Mama Eliezer akachukua kitambaa, akafuta kiti.